Milimita Mbili za ThinkPad

Mwaka 2018 Lenovo walitoa ThinkPad T480, laptopu ya ofisini yenye unene wa milimita 19.95. Mwaka uliofuata wakaleta mrithi wake, T490, yenye milimita 17.9. Ukizifunga zote na kuziweka mezani pamoja, inabidi uinamishe kichwa usawa wa meza ndipo ujue ipi ni ipi. Tofauti ni milimita mbili tu. Lakini humo mlikuwa na betri ya nyuma inayochomolewa kwa vidole, nafasi ya pili ya RAM, chumba cha diski ya inchi 2.5 na tundu la kadi ya kamera ya ukubwa wa kawaida. Vyote hivyo viliondoka, na mashine ikapungua uzito kwa gramu mia na ishirini hivi.

Wapo waliofurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Mtu anayeshinda na laptopu begani, kikao hadi kikao, gramu hizo anazisikia jioni. Ila laptopu za kazi kwa kawaida hazinunuliwi na wanaozitumia. Hununuliwa na idara ya manunuzi ya kampuni kubwa huko Ulaya au Marekani, mamia kwa mpigo, kwa hesabu ya miaka mitatu au minne. Kwa mnunuzi wa aina hiyo betri iliyofungiwa ndani haina neno, kwa sababu itaanza kuchoka wakati muda wa mashine kazini unakaribia kwisha. Baada ya hapo zinauzwa kwa jumla, zinapakiwa kwenye maboksi, nyingine zinapitia Dubai, nyingine zinakuja moja kwa moja kutoka Uingereza, na sisi tunakutana nazo kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue, baadhi zikiwa bado na kibodi ya Kijerumani ambayo Z imekaa palipotakiwa kuwa na Y.

Kwa hiyo laptopu ya kazi huishi mara mbili, na maisha ya pili mara nyingi ni marefu kuliko ya kwanza. Mimi huipima kila ThinkPad mpya kwa swali moja: wakati wahandisi walipokuwa wakigawana milimita, huyu mwenye maisha ya pili alikumbukwa au alisahauliwa? Sisemi kwamba mashine nene ndiyo bora. Nimewahi kubeba laptopu nene zilizosanifiwa ovyo, na unene wake haukumsaidia yeyote.

Kwenye T480 alikumbukwa, tena kwa ustadi ambao hadi leo sijachoka kuutazama. Igeuze kifudifudi. Kwenye ukingo wa nyuma kuna vikomeo viwili vidogo. Visogeze na betri inatoka mkononi. Mashine haizimiki. Ndani, upande wa mbele, chini ya pale viganja vinapopumzika wakati wa kuandika, kuna betri nyingine ya Wh 24 ambayo inashika zamu papo hapo. Mfumo huu waliuita Power Bridge, na ulikuwapo kwenye ThinkPad tangu 2013. Unaweza kuchomoa betri iliyokwisha, ukachomeka iliyojaa, na faili uliyoifungua haijui kwamba kuna jambo limetokea. Aliyeishi miaka ya mgao wa umeme hahitaji kuelezwa thamani ya kitu hicho.

Ukiutazama kwa muda ndipo unaona akili iliyofichwa ndani yake. Mashine hula betri ya nje kwanza na kuiacha ya ndani iwe akiba. Maana yake ni kwamba kazi nzito ya kila siku, ile kujaa na kuisha inayozeesha betri, inabebwa zaidi na ile ambayo mtu yeyote anaweza kuibadilisha bila fundi. Kitu kinachochakaa haraka kimewekwa karibu na mkono, na kisichochakaa haraka kimewekwa ndani. Halafu betri ya nje ilikuja kwa saizi tofauti, kuanzia nyembamba ya Wh 24 inayolingana na mwili wa mashine, hadi nene ya Wh 72 inayotokeza chini. Hiyo nene huinua mgongo wa laptopu, na kibodi inalala kwa mteremko kidogo kuelekea kwako. Wengine huona uvimbe ule ni ubaya. Mimi niliyeandikia kwenye mteremko ule naona mikono hutulia vizuri zaidi.

Nilimwona fundi mmoja Kariakoo akiifungua T480 ya mama mwenye duka la steshenari. Mjukuu alikuwa ameimwagia chai ya maziwa, na nusu ya vitufe haikujibu tena.

"Mwanangu, hesabu zangu zote zimo humo," mama alisema.

"Usijali, mama. Nazima betri kwanza, ndiyo nifungue."

Hakuchukua bisibisi. Aliwasha mashine, akaingia BIOS na kuchagua amri ya kuzima betri ya ndani. Hii ni kazi ambayo wasanifu waliifikiria kabla: betri ya ndani haiwezi kuchomolewa kabla ya kufungua mfuniko, kwa hiyo wakatia njia ya kuinyamazisha kwa programu, na inaamka yenyewe chaja ikichomekwa. Kisha akaichomoa betri ya nje, akalegeza skrubu za mfuniko wa chini. Skrubu hizo hazitoki. Zinazunguka mpaka zinaachia, halafu zinabaki zikining'inia kwenye mfuniko wenyewe, ili zisidondoke sakafuni wala kurudishwa mahali pasipo pake. Mtu aliyeamua skrubu iwe hivyo alikuwa anamfikiria mtu mwingine asiyemjua, kwenye meza yenye mwanga hafifu, miaka mingi baadaye.

Kibodi ilitoka kwa juu, na mazabodi haikuguswa. Chini yake palikuwa na sinia jembamba lenye njia za maji, na njia hizo zinaishia kwenye matundu yanayotokea tumboni mwa mashine. Chai ilikuwa imepita humo ikamwagika mezani, ikaacha alama ya kahawia ukutani mwa tundu. Kibodi ilikufa, mashine ikabaki hai. Kwenye laptopu nyingi nyembamba kibodi imebanwa kwa vijipini vya chuma kwenye mfuniko wa juu, na kuibadilisha ni kuing'oa mashine yote kuanzia betri hadi feni. Hapa fundi alipachika kibodi nyingine, akabonyeza herufi moja moja huku mama akizitaja kwa sauti, akamaliza.

Ufundi huu una ukoo. Moja ya ThinkPad za kwanza kabisa, 700C ya rangi nyeusi, ilitolewa na IBM mwaka 1992. Iliundwa kwenye maabara ya Yamato, Japani, chini ya mhandisi Arimasa Naitoh, na sura yake ilichorwa na Mjerumani Richard Sapper aliyekuwa akiishi Milano, yule aliyebuni taa ya Tizio mwaka 1972. Sapper alitaka kitu kilichofanana na sanduku la chakula la Kijapani: nje jeusi lisilo na mapambo, ndani kila kitu mahali pake. IBM waliuza kitengo hicho kwa Lenovo mwaka 2005, lakini maabara iliendelea, siku hizi ikiwa Yokohama, na kitu kimoja kimerithiwa ambacho hakionekani kwenye mashine yenyewe: kitabu cha matengenezo. Kila modeli ina mwongozo wake wa bure, wenye michoro ya skrubu na mpangilio wa kufungua hatua kwa hatua. Fundi wa Kariakoo anausoma ule ule anaousoma fundi wa Frankfurt.

Na katikati ya kibodi kuna kile kidoti chekundu. Wengi hukichukulia kama pambo, kumbe ni kazi ya miaka. Ted Selker, mtafiti wa IBM, alikuwa amesoma kwamba mkono unapoteza takriban robo tatu ya sekunde kutoka kwenye kibodi kwenda kwenye mausi, na muda kama huo kurudi. Akaamua mausi ihamie kwenye kibodi. Kijiti chenyewe hakitembei. Kinapima nguvu ya kidole, na nguvu hiyo ndiyo inageuzwa kuwa mwendo wa mshale. Ugumu ulikuwa hapo kwenye kugeuza. Nguvu ikizidishwa moja kwa moja kuwa kasi, mshale unaruka. Selker na mwenzake Joseph Rutledge walitengeneza uhusiano wenye sehemu tambarare: ukibonyeza polepole, kidole kinaweza kutetemeka kidogo na mshale ukaendelea kwa mwendo ule ule wa utulivu, ukibonyeza kwa nguvu unakimbia, lakini haupewi kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Wakaongeza na hesabu ya kuufanya mshale usimame pale unapotaka usimame, badala ya kuteleza mbele. Hayo yote yapo chini ya kifuniko cha mpira kinachobadilishwa kwa kucha.

Nakitaja kwa kirefu kwa sababu usanifu mpya mara nyingi hukosea kwenye sehemu ambayo watu waliizoea hadi wakaacha kuiona. Mwaka 2012 ThinkPad zilipunguza kibodi kutoka safu saba hadi sita, na vitufe vikawa vimetenganishwa. Kelele zilikuwa kubwa, lakini kitufe chenyewe kilibaki kizuri na watu wakazoea. Mwaka 2013 wakavuka mpaka: vitufe vitatu vya kufanyia kazi na kidoti chekundu viliondolewa, vikaingizwa ndani ya padi kubwa inayobonyea yote. Aliyekuwa akitumia kidoti bila kuangalia akawa hana tena ukingo wa kuupapasa. Mwaka 2014 X1 Carbon ikapewa safu ya juu ya vitufe vya mguso, vinavyobadilika kufuatana na programu. Kidole hakiwezi kukipapasa kitufe ambacho hakipo. Mwaka 2015 yote mawili yalirudishwa: vitufe vitatu vikarudi juu ya padi, safu ya juu ikawa vitufe halisi tena. Mimi huwa naheshimu kampuni inayorudi nyuma namna hiyo kuliko ile inayong'ang'ania, maana kurudi nyuma ni kukiri kwamba kidole cha mtumiaji kilikuwa na hoja.

Sasa nije kwenye usanifu ulionifanya niandike. Mwishoni mwa Februari 2024, kwenye maonyesho ya Barcelona, Lenovo walitoa ThinkPad T14 Gen 5, mjukuu wa T480 kwa ukoo wa majina. Safari hii waliwashirikisha iFixit, wale Wamarekani wanaofungua vifaa na kuvipa alama za urahisi wa kutengenezwa, wakati mashine bado inasanifiwa. Ilipata alama 9 kati ya 10. Laptopu nyingi za ofisini za miaka hiyo hata hazikaribii hapo.

Jambo kubwa ni RAM. T490 ilikuwa imelehemea sehemu ya RAM kwenye mazabodi na kuacha nafasi moja tu, na baadhi ya T14 zilizofuata zililehemea yote. T14 Gen 5 ina nafasi mbili kamili za kuchomeka. Fundi cherehani mwenye moyo huacha upindo mpana ndani ya gauni, ili mteja akinenepa liachiliwe badala ya kutupwa. Nafasi hizi mbili ni upindo wa namna hiyo. Kampuni inaweza kununua mashine yenye GB 16 leo, na mwanafunzi atakayeinunua miaka minne baadaye akaongeza mpaka 64.

Lakini lazima nimtendee haki aliyelehemea. Hakufanya vile kwa uchoyo tu. Aina ya RAM inayolehemewa, LPDDR, hutumia volti ndogo na kukimbia kwa kasi kubwa, na ili iweze kufanya hivyo inataka kukaa karibu sana na prosesa. Ukiiweka kwenye nafasi ya kuchomeka ya zamani, njia ya umeme inarefuka, mawimbi yanachafuka, kasi inashuka. RAM iliyolehemewa humpa mwenye maisha ya kwanza saa za ziada za betri na mashine nyembamba zaidi. Lenovo wenyewe mwaka huo huo waliuza T14s Gen 5, nyepesi, yenye RAM iliyolehemewa yote. Ndugu wawili, nyumba moja, uamuzi mbalimbali.

Hata hivyo, kuna waliokataa kukubali kwamba lazima uchague. Dell waliwahi kuanza, mwaka 2022, na ubao wa RAM unaolala bapa na kukazwa kwa skrubu, ili njia ya umeme iwe fupi. Wazo hilo likawa kanuni ya pamoja ya tasnia, na likazaa aina iitwayo LPCAMM2: chipu za LPDDR zenyewe, kasi ile ile, lakini kwenye kibao kinachofunguliwa kwa skrubu chache. ThinkPad P1 Gen 7 ya mwaka 2024 ilikuwa laptopu ya kwanza kuuzwa nayo. Nikikitazama kibao hicho, chembamba, kimelala kimya juu ya safu ya viguso vidogo vidogo, naona kazi bora kuliko prosesa nyingi zinazosifiwa. Kuna mtu aliambiwa haiwezekani upate kasi na kubadilishika kwa pamoja, akaenda kutafuta milimita zilipokuwa zikipotelea.

Kioo cha kawaida cha T14 Gen 5 kimeongezwa urefu: safu 1,200 badala ya 1,080, kwa upana ule ule wa 1,920. Kwa anayeandika, hiyo ni mistari kadhaa zaidi ya ukurasa bila kusogeza. Kioo cha bei nafuu cha T480 kilikuwa hafifu, na sina sababu ya kukitetea. Tundu kamili la kebo ya mtandao limebaki, na nashukuru, kwa sababu kwenye ofisi nyingi za serikali waya bado unaaminika kuliko Wi-Fi.

Vitufe vimepoteza kina. Vya T480 vilizama karibu milimita 1.8, hivi vinazama 1.5. Karibu theluthi moja ya milimita inasikika kama utani mpaka uandike kurasa kumi. Bado ni kibodi nzuri, vitufe bado vimebonyea kidogo katikati kupokea ncha ya kidole, ila pale chini kitufe kinapogota, kinagota mapema. Ningeikubali hasara hiyo kwa zile nafasi mbili za RAM bila kusita.

Hasara nisiyoikubali ni tundu la chaja. Kwenye T430 ya mwaka 2012 tundu hilo lilikuwa na kijiwaya chake, likichomekwa kwenye mazabodi kwa soketi ndogo. Likiharibika unabadilisha kijiwaya. USB-C ikaja na neema kubwa: chaja moja kwa laptopu, simu na kila kitu, hata ya kuazima kwa jirani. Lakini kwenye T480, na bado kwenye T14 Gen 5, tundu hilo limelehemewa moja kwa moja juu ya mazabodi. Hiki ndicho kiungo kinachochomekwa na kuchomolewa kila siku, kinachovutwa mtu akikwaa waya, na kimewekwa mahali ghali kuliko pote kukitengeneza. Inahitaji mashine ya hewa ya moto, mkono uliotulia na fundi asiyebahatisha. Wahandisi waliofikiria skrubu isidondoke wangeweza kulifikiria na hili.

Betri ya kuchomoa kwa vidole haijarudi. Ya ndani inashikwa kwa skrubu, si kwa gundi, na hilo ni jema, lakini zamu ile ya betri mbili imekwisha.

Na wakabadilisha kitu kimoja kidogo ambacho kwa mwandishi si kidogo. Kwa miongo ThinkPad iliweka kitufe cha Fn kwenye kona ya chini kushoto na Ctrl pembeni yake, kinyume na karibu kila kompyuta nyingine. Mwaka 2024 vikabadilishana. Kwa mgeni ni afueni, kwa aliyezoea ni wiki kadhaa za kunakili kitu kisichonakilika. Mpangilio wa BIOS unaruhusu kurudisha kama zamani, na humo nauona tena ule ustaarabu: wamebadilisha, lakini hawakumfungia mtu mlango.

T14 za 2024 bado ziko kwenye maofisi ya ng'ambo. Zitaanza kutufikia kwa wingi mikataba yake ikiisha, na wauzaji watazipanga rafu moja na T14s kwa bei zinazokaribiana, zote nyeusi, zote na kidoti chekundu. Atakayenunua aigeuze mashine asome lebo ya chini kabla ya kutoa pesa. Ikiwa na ile herufi s, RAM aliyoikuta ndiyo atakayokufa nayo.